Uchangamfu Penye Bao

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika 10. Katibu alitaka niseme juu ya utumishi serikalini, lakini nimemwomba ruhusa niseme juu ya bao. Wanaocheka wasidhani natania. Mimi ni mzaliwa wa Jangwani. Yapo mambo niliyoyapata Mlimani, na yapo niliyoyapata barazani. Na haya ya pili nilikaribia kuyapoteza kwa ulimi wangu mwenyewe.

Wakubwa wanazikumbuka zile nyumba za vyumba sita, kila moja na baraza yake mbele, kabla maghorofa hayajazimeza. Barazani petu, si mbali na jengo la Yanga pale Twiga na Jangwani, bao lilianza baada ya sala ya alasiri, na watu wa Simba walivuka kutoka Msimbazi wakakaribishwa kwa matusi ya utani na kikombe cha kahawa. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Kufungwa ni kawaida. Lakini kufungwa kete zingali mkononi ni aibu inayosimuliwa mpaka mtaa wa tatu.

Aliyenifundisha ni fundi cherehani mmoja, mkazi wa bondeni upande wa Mto Msimbazi. Nilipokuwa mtoto, nikikosea hakuzila kete zangu, alinishika mkono akasema, "Rudisha, bwana mdogo. Tazama tena."

Mwaka 2004 nikarudi nyumbani na shahada yangu, kazi sina. Jioni moja nikamfunga fundi kete zingali mkononi mwake. Badala ya kumpa mkono nikasema kwa sauti, watu wasikie: "Fundi, rudi kwenye suruali zako, bao lina wenyewe." Watu wakacheka. Yeye akakusanya kete, akanikabidhi, akasema, "Ahsante kwa mchezo." Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Nilidhani amenuna. Kumbe mimi ndiye niliyefukuzwa, ila sikuambiwa. Nikikaa mbele ya ubao, huyu anakumbuka mgonjwa wa kumtazama, yule anangoja chai yake ipoe. Hakuna aliyenigombeza. Juma zima nilicheza peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto. Mama mmoja aliyeuza maandazi hapo kando ndiye aliyenionea huruma: "Mwanangu, kushindwa wameshashindwa huko sokoni tangu alfajiri. Hapa wanakuja kupumzika, nawe unawaongezea."

Ndipo nikatazama vizuri ni nini kilichokuwa kikipita mkekani pamoja na zile kete. Chumba kitupu kilitangazwa pale. Nani kalazwa, nani kafiwa, nani anatafuta karani. Habari ya kazi yangu ya kwanza niliisikia pale pale, lakini miezi mingi baadaye, nilipokwisha kujifunza kusema, "Leo umeniweza, Mzee."

Kijana mmoja ameniuliza asubuhi hii habari za poka, ule mchezo wa karata wa fedha unaopendwa sana Marekani. Simshauri. Lakini hata huko, anayefungwa kisha akadhihakiwa huinuka na fedha zilizombakia, akamwachia mbabe meza tupu. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, akilicheza kwao Butiama. Haya ni maoni yangu tu: mtu anayeitikiwa ndiyo mchana kutwa huhitaji mahali pa kufungwa waziwazi.

Desemba 2011 mafuriko yaliingia bonde la Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walifariki Dar es Salaam, na wengi waliopoteza makazi bondeni walihamishiwa Mabwepande, fundi akiwa miongoni mwao. Mimi nilikuwa na kazi na gari, na kila wiki nikisema Jumamosi nitakwenda. Nilikwenda mwaka 2013. Nikampa shikamoo, akaitikia, akamtuma mjukuu alete bao. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga njia nzima, yakakwama kooni. Nikacheza vibaya, mkono ukasimama hewani, naye akasema, "Rudisha. Tazama tena." Radhi sikuiomba, wala yeye hakulitaja jambo lile. Kabla sijaenda mara ya pili nikaletewa habari ya msiba.

Sasa ofisi yetu iko Dodoma, nami ni mgeni katika baraza za watu. Huanza kwa kufungwa, tena kwa kicheko, na bado sijaambiwa kwamba kuna mgonjwa wa kutazamwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Bao langu limo garini. Baada ya chakula nitaliweka chini ya mwembe ule, na wale wa Kidato cha Pili waliojigamba langoni kwamba wananiweza, waje.