Mkono Wenye Upungufu

Somo: 2 Wakorintho 12:7-10



Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake. Haukutoka. Alipewa neema ya kuendelea na kazi, mwiba ukiwa ndani. Leo ninawaletea mtu wa siku zetu: R. A. Dickey, Mkristo wa Marekani, mchezaji wa besiboli. Katika mchezo ule mmoja anarusha mpira, na mpinzani anaungoja na fimbo ili aupige mbali. Kazi ya Dickey ilikuwa kurusha.

Mwaka 1996 ekipe ya Texas Rangers ilimwahidi dola 810 000. Kabla hajasaini, mtu wa ekipe akaona gazetini picha yake, mkono wa kuume umekaa vibaya. Waganga wakaupima: ukano unaoshikilia mifupa ya kiwiko haukuwemo. Ahadi ikavunjwa, akapewa dola 75 000. Fikiri, mpendwa: kalamu iko tayari, halafu unaambiwa una kasoro ambayo wewe mwenyewe hukuijua!

Kwa miaka mingi alipanda na kushuka, leo ekipe kubwa, kesho ekipe ndogo. Mwaka 2005 alianza kujifunza namna nyingine ya kurusha: mpira unashikwa kwa ncha za vidole, unakwenda polepole bila kuzunguka, unayumba hewani hata mpigaji hajui utapita wapi. Je, baraka ilishuka siku ileile? Hapana! Tarehe 6 Aprili 2006, katika mechi moja, wapinzani walipiga mipira yake sita hadi nje ya uwanja. Akarudishwa chini. Mwaka 2007 alitaka kuvuka mto Missouri kwa kuogelea. Maji yakamshinda, nusura afe.

Mwaka 2012, akiwa na New York Mets, alishinda mechi 20, akapewa tuzo la Cy Young la mrushaji bora. Alikuwa na miaka 38. Mwanzoni mwa mwaka ule alipanda mlima Kilimanjaro, Tanzania, kukusanya pesa za kuokoa wasichana wanaouzwa Mumbai, India. Mwaka uliofuata, kule Toronto, alishinda mechi 14 na kupoteza 13.

Sisi wahubiri tunapenda kuanza ushuhuda kwenye tuzo, na ile miaka ya kushuka tunairuka. Kijana mmoja alishindwa mtihani wa Serikali mara mbili. Nilimwambia imani yake ni ndogo. Aliacha ibada. Nilikosa, wapendwa! Nilikuwa nimemwahidi ukano, kumbe Bwana alikuwa akimfundisha kurusha kwa namna nyingine. Nilimfuata kwao, nikamwomba msamaha. Leo anajifunza useremala, na Jumapili anakaa kiti cha mbele.

Ndugu yangu, dada yangu, Dickey hakuota ukano. Alitumikia kwa mkono uleule uliofanya pesa ziondolewe mezani. Kama umeomba na jambo halikubadilika, usiseme Mungu amekuacha. Endelea kuomba, lakini uulize pia: Bwana, kwa hiki kilichobaki, nifanye nini? Na ukimwona mwenzako ameshuka tena, usimhesabie imani. Kaa naye.

Bwana, utufundishe kutumika na mwiba wetu. Kwa jina la Yesu. Amina.