MAZUNGUMZO YA UFUGAJI: KUZUIA NG'OMBE WASIHARIBIANE NGOZI KATIKA WILAYA ZA KIBONDO NA KASULU



Katika nchi za baridi farasi huvishwa mablanketi mazito wanapotolewa kwenda malishoni. Wenye farasi hao hulalamika kila mwaka kwamba wanyama wao huvutana kwa meno na kuraruana mablanketi hayo, na hasara huwa kubwa. Katika nyanda za juu za Kigoma hakuna farasi wa namna hiyo. Mbung'o wa misitu ya miombo na maradhi ya farasi ya Afrika yamewazuia wanyama hao kustawi huko. Hata hivyo, mfugaji wa Kibondo na Kasulu anayo hasara iliyo ndugu ya hasara hiyo. Ng'ombe wake hakuvishwa blanketi na mtu. Vazi lake ni ngozi aliyozaliwa nayo, na vazi hilo likiraruliwa na pembe za mwenzake halishonwi tena.

Ng'ombe wa asili wanaofugwa na Waha wa nyanda hizo wana uhusiano wa karibu na ng'ombe wa Ankole, na pembe za jamii hiyo zaweza kupita urefu wa mita moja. Ng'ombe hao wana historia. Katika Buha ya zamani, yaani katika tawala kama Heru ya upande wa Kasulu na Muhambwe ya upande wa Kibondo, ng'ombe walikabidhiwa kwa mtu kwa mkataba wa ubugabire, na kwa ng'ombe hao watu walifungamana kwa wajibu na heshima. Kwa hiyo pembe ndefu si kasoro machoni pa mwenye mali, bali ni fahari yake. Ushauri wowote utakaopuuza jambo hilo hautapokewa.

Inafaa kwanza kueleza hasara yenyewe. Ngozi ya ng'ombe hupangwa katika madaraja kwa kutazama makovu, matundu, alama za chapa na mikato ya kisu. Sehemu yenye thamani kubwa ni mgongo na makalio. Ngozi ya tumboni na ya miguuni thamani yake ni ndogo. Bahati mbaya ni kwamba pembe ya ng'ombe anayemfukuza mwenzake hupiga mbavuni, ubavuni na kwenye makalio, yaani pale pale penye mali. Kidonda kikipona huacha kovu, na nyuzi za kovu hazifanani na nyuzi za ngozi nzima. Kiwandani kovu hilo haliondoki. Hujitokeza zaidi baada ya ngozi kutiwa dawa na kupakwa rangi. Ngozi iliyostahili kuwa kiatu au mkoba mzuri hushushwa daraja, na mwenye ng'ombe hulipwa kidogo au asilipwe kitu.

Hasara haiishii hapo. Kidonda kibichi huvuta nzi, na nzi huleta usaha na mabuu. Jike mwenye mimba akipigwa tumboni aweza kuharibu mimba. Tena pale ambapo wanyama wa nyumba kadhaa huchungwa pamoja, jeraha la ng'ombe mmoja huwa kesi ya majirani wawili, na mara nyingine ugomvi huo hudumu kuliko kidonda chenyewe.

Zifuatazo ni njia za kuzuia madhara hayo.

Kwanza, nafasi. Ng'ombe hupigana zaidi penye msongamano, hasa mlangoni pa zizi, kwenye hori na kwenye birika la maji. Mnyama mnyonge akibanwa pembeni hana pa kukimbilia, na hapo ndipo anapochomwa. Hori liwe refu kiasi cha kuwatosha wote kwa wakati mmoja. Ng'ombe mzima asiye na pembe huhitaji yapata sentimita 70 za hori, na mwenye pembe ndefu huhitaji zaidi ya mita moja. Majani yakatwayo, kama vile mabingobingo, yasirundikwe mahali pamoja. Yagawanywe mafungu mengi yaliyo mbalimbali, na mafungu yazidi idadi ya ng'ombe. Mlango wa zizi uwe mpana, na kona kali ndani ya zizi ziepukwe.

Pili, kutenganisha. Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na usemi huo ni kanuni ya ufugaji kabla ya kuwa methali. Madume yaliyokomaa yatenganishwe au yahasiwe mapema yale yasiyohitajika kwa uzazi. Ndama na mitamba wawe na sehemu yao. Ng'ombe wasio na pembe wasichanganywe na wenye pembe ndefu katika zizi dogo, kwa kuwa wale wa kwanza hawana cha kujikinga. Jike aliye katika joto hupandwa na wenzake, na kwato zao humchubua mgongo na makalio. Siku hiyo atengwe. Iwapo katika kundi yupo mmoja mkorofi asiyeacha wenzake, ni bora auzwe yeye kuliko kuwatibu wengine mwaka mzima.

Tatu, kuingiza mgeni. Kila kundi lina mpangilio wake wa wakubwa na wadogo, na ng'ombe mpya huuvuruga. Mapigano makali hutokea katika siku za mwanzo. Mgeni asiingizwe zizini usiku. Baada ya kutengwa kwa muda ili kuchunguzwa maradhi, akutanishwe na wenzake asubuhi, malishoni, penye uwazi wa kukimbia. Inapowezekana wageni waingizwe wawili au zaidi pamoja, ili ghadhabu ya kundi isimwangukie mmoja.

Nne, pembe. Njia iliyo salama zaidi ni kuunguza vichipukizi vya pembe vya ndama kabla hajatimiza miezi miwili, wakati vichipukizi hivyo havijashikamana na fuvu. Kazi hiyo ifanywe na ofisa mifugo, kwa ganzi, na kwa chuma chenye moto wa kutosha. Kukata pembe za ng'ombe mzima ni jambo jingine. Pembe ya ng'ombe mzima ina uwazi ndani unaoungana na uwazi wa fuvu, ina damu na ina maumivu. Haikatwi kwa panga wala kwa msumeno wa seremala, na isifanywe wakati wa mvua nzi wanapokuwa wengi. Mfugaji asiyependa kuondoa pembe kwa ajili ya mila na uzuri wa ng'ombe wake ana njia ya kati, nayo ni kupunguza ncha kali tu, ile sehemu ngumu isiyo na damu, ili pembe ibaki ndefu lakini isichome.

Tano, madini. Ng'ombe aliyepungukiwa na chumvi na madini hutafuna mifupa, kamba na hata kulamba nywele za wenzake, na ng'ombe wengi wakigombea jiwe moja la chumvi hupigana. Mawe ya chumvi yawe zaidi ya moja, na yawekwe mbalimbali.

Sita, uzio na chapa. Haina maana kuzuia pembe na huku zizi lenyewe linachana ngozi. Uzio wa miba na wa seng'enge huacha mikwaruzo mirefu mnyama anaposukumwa na wenzake. Fito zilizolazwa au miti iliyopandwa kwa safu ni bora, ila utomvu wa minyaa huwasha macho na uangaliwe. Chapa ya moto isipigwe mbavuni wala makalioni. Sheria ya utambuzi wa mifugo ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wa kuitambua mifugo, na hereni ya sikio haigusi mgongo. Kuogesha kwenye josho nako kusiachwe, maana kupe naye hutoboa ngozi ile ile.

Saba, kazi ya mwisho. Ngozi iliyolindwa miaka mingi yaweza kuharibiwa na kisu kwa nusu saa. Mchunaji atumie kisu chenye ncha ya mviringo, na avute kwa mkono zaidi kuliko kukata. Ngozi ivute ili maji: iwambwe kwenye fremu, kivulini penye upepo, wala isitandazwe chini juani. Au itiwe chumvi siku hiyo hiyo, kwa kiasi cha robo hadi theluthi ya uzito wake, upande wa nyama ukiwa juu. Chumvi si bidhaa ya mbali kwa watu wa Kasulu. Chemchemi za Uvinza zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na wachukuzi waliisambaza kabla ya reli kufika.

Ndugu wafugaji,

Katika desturi za kuwekeana ng'ombe za sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ng'ombe akifa mlezi wake humpelekea mwenye mali ile ngozi iwe ushahidi. Ngozi husema iwapo mnyama alikufa kwa maradhi, kwa mnyama mkali au kwa uzembe. Mnunuzi wa leo naye husoma ngozi vivyo hivyo. Kila kovu ni habari ya zizi lililobanwa, hori lililokuwa fupi au dume lililoachwa. Mfugaji anayetaka ngozi yake imsemee vizuri aanze na ndama aliyezaliwa mwaka huu, na aanze na mlango wa zizi lake.