Kionjo na Kikapu: Mwandishi wa Kujitegemea na Sampuli za Bure



Kadhia niliyopewa niizungumze leo ni miongoni mwa zile ambazo aghalabu huamuliwa kwa haya kuliko kwa fikra: je, mwandishi asiyeajiriwa, aishiye kwa ujira wa kalamu yake, yampasa kumfanyia kazi ya bure mteja anayetaka kumjaribu kwanza? Jawabu langu ni kwamba mteja ana haki ya kuonja, wala hana haki ya kushibishwa.

Insafu yataka tuanze na haki ya mteja. Muuza halua wa Unguja, hata kama sifa zake zimeenea mji mzima, humkatia mgeni kipande kadiri ya ncha ya kidole, apate kujua kama iliki na zafarani zimekaa sawasawa. Lakini kipande hicho hukatwa katika halua iliyokwisha kupikwa. Sijapata kumwona mnunuzi aliyemwamuru muuzaji ateleke upya, akoroge mpaka mikono imwume, amfungie kikapu kizima cha ukindu, ndipo yeye aseme kama atanunua.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Katika siku zangu za mwanzo, ofisi moja ilinipa kurasa nane za kitabu cha mafunzo ya wakunga nizifasiri kwa jina la jaribio. Nilikesha siku tatu, nikipima kama niandike «kondo la nyuma» au «zalio», nikazipeleka, na jawabu halikuja. Kitabu kilipotoka, nililikuta «zalio» langu pale pale nilipoliweka. Na nilipowauliza wenzangu, wawili wakaniambia kwamba nao walijaribiwa kwa kurasa nyingine za kitabu hicho hicho.

Mtu atasema sheria ipo, na kweli ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi tangu anapoliandika andiko lake, pasi na sharti la kulisajili. Walakini sheria hiyo hulinda maneno yaliyokwisha kuandikwa, hailindi fikra tupu. Hivyo mwandishi anayempelekea mhariri mpango mzima wa makala, akaupoteza kwa mwingine aliyeuandika kwa maneno yake, hana pa kushitaki. Na hata mwenye haki iliyo wazi, kama mimi na zalio langu, gharama ya wakili yaweza kuushinda ujira anaoudai.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu awe na vionjo vilivyokwisha kupikwa: kurasa mbili tatu za kazi zilizochapishwa, au, kwa anayeanza, alizojiandikia mwenyewe kwa uangalifu ule ule. Pili, mteja akishikilia kumpima katika maudhui yake, aya moja ni jamala isiyomdhuru mtu. Ikizidi hapo, jaribio liwe na ujira, na ziandikwe siku ya malipo na ahadi kwamba andiko halitatumiwa kabla ya kulipwa. Tatu, anayependa kuiandikia bure madrasa au shule ya kijijini kwake na afanye kwa moyo mkunjufu, maadamu wote wawili wanajua kuwa hiyo ni sadaka, wala haiitwi jaribio.

Najua hofu ya kijana anayeanza: nikikataa, mwingine atakubali. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; na mteja aliyezoea kupata kurasa za bure kwa waandishi wanane hatamlipa yule wa tisa, bali atamtafuta wa kumi. Anayekubali leo huiteremsha bei yetu sote, na yake mwenyewe ndiyo ya kwanza kuteremka.

Ndugu zangu, nawasihi tukubaliane hapa, kabla hatujatawanyika, juu ya kipimo kimoja: aya moja kwa jamala, ukurasa kwa ujira. Kauli yetu ikiwa moja, mteja mwema hataona uzito kuifuata.