Mahindi Yenye Kuvu na Ini la Mwanadamu



Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Wengi macho yaligeuka manjano, kwa kuwa ini limeharibika. Sumu hiyo, aflatoksini, haiondolewi kwa kuchemsha. Uji wake ni sumu vile vile. Nayo ikiliwa kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani ya ini. Basi anikeni mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, wala yasitiwe guniani kabla ya kukauka kabisa. Najua njaa haingoji jua. Lakini yenye kuvu msimpe hata ng'ombe, maana sumu hutokea katika maziwa wanywayo watoto.