Mafuta ya Kukinga Jua: Wajibu wa Mzazi na Wajibu wa Jumuiya



Wapendwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama na akina baba,

Mada niliyopewa leo yaweza kuonekana ndogo. Tumezoea kuisikia Tume ya Haki na Amani ikizungumzia ardhi iliyoporwa, mirathi ya wajane na mahabusu wanaosahauliwa rumande. Leo tunazungumzia mafuta ya kupaka ngozini. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye ualbino, mafuta hayo na kofia yake ni sehemu ya haki ya kuishi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 katika Tanzania. Hao ni watoto na ndugu wa waamini kama sisi, na baadhi yao wamo katika vigango vyetu.

1. Jua ni moja, ngozi hazifanani

Mwenyezi Mungu ameijalia ngozi ya mwanadamu rangi ya asili iitwayo melanini. Rangi hiyo hufanya kazi kama mwavuli: huipokea mionzi mikali ya jua kabla haijaharibu chembe hai zilizo ndani. Mtoto mwenye ngozi nyeusi anao mwavuli huo tangu kuzaliwa. Kwake kansa ya ngozi inayoletwa na jua ni nadra, na mzazi wake hana sababu ya kujinyima unga ili anunue mafuta ya bei ghali. Kivuli, maji ya kunywa na kofia wakati wa jua kali vyamtosha.

Mtoto mwenye ualbino amezaliwa na melanini kidogo sana au bila melanini kabisa. Ngozi yake huungua upesi, na kila kuungua huacha madhara hata baada ya wekundu kutoweka. Madhara hayo hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, yakaleta madoa, magamba, vidonda, na hatimaye kansa, hasa usoni, masikioni, shingoni na kwenye mdomo wa chini. Ndiyo maana wapo wanaopatwa na kansa wakiwa bado vijana. Uangalifu unaoanza utotoni ndio unaookoa maisha ya utu uzima.

Wazazi huuliza: je, si upendeleo kumpaka mtoto mmoja mafuta maalumu na kuwaacha ndugu zake? Kanisa limefundisha tangu kale kwamba haki ni kumpa kila mmoja kile kinachomstahili. Haki haidai kwamba wote wapewe kipimo kilekile. Mafuta ya kukinga jua yaliyomo nyumbani ni ya mtoto anayeyahitaji, na ndugu zake waelezwe hivyo kwa upole ili wawe walinzi wake badala ya kumwonea wivu.

2. Mzazi afanye nini

Kinga ya kwanza ni kivuli, ya pili ni nguo na kofia, na ya tatu ndiyo mafuta. Wengi wetu tunaanza na la tatu na kuyasahau mawili ya kwanza, kisha mafuta yakiisha tunaona kwamba hatuna la kufanya.

Jua huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Kazi za shamba, kuchota maji na michezo ya uwanjani zipangwe kabla au baada ya saa hizo. Mawingu yasitudanganye, kwa maana mionzi hupita hata siku isiyo na joto.

Mtoto avae mikono mirefu, suruali au gauni refu, na kofia yenye ukingo mpana pande zote. Kofia yenye ukingo wa mbele tu huacha masikio na shingo wazi. Nguo iliyofumwa kwa kubana hukinga kuliko nguo nyepesi inayopenyeza mwanga.

Baada ya hayo, mafuta hubaki kwa sehemu chache zisizofunikwa: uso, masikio, shingo, mikono na miguu iliyo wazi. Kwa njia hiyo chupa moja hudumu muda mrefu zaidi. Apakwe nusu saa kabla ya kutoka, kisha arudiwe kila baada ya saa mbili akiendelea kukaa nje, na tena akitoka jasho jingi au akiosha uso. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi 6 akingwe kwa kivuli na nguo.

Tuzielewe pia namba zilizoandikwa kwenye chupa. Mafuta ya namba 30, yakipakwa vema, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi inayounguza. Ya namba 50 huzuia takriban asilimia 98. Tofauti ni ndogo. Mama aliyepata ya namba 30 asisikitike. Linalopunguza kinga zaidi ni kupaka kidogo mno kwa kuyaonea huruma, au kuyaweka kwa ajili ya Misa ya Dominika huku siku sita mtoto akiungua shambani. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hulainisha ngozi, lakini hayawezi kuchukua nafasi ya mafuta haya.

Tena, mafuta hayampi mtoto ruhusa ya kushinda juani. Na kidonda au uvimbe usiopona kwa wiki kadhaa upelekwe hospitali bila kungoja. Kansa ya ngozi ikigunduliwa mapema mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo, ikicheleweshwa huua.

3. Uangalifu usigeuke kifungo

Wapo wazazi ambao, kwa upendo na hofu, humfungia mtoto ndani. Hofu yao haikuzuka bure: hasa tangu mwaka 2006 nchi yetu ilishuhudia mauaji ya kinyama ya watu wenye ualbino, yakichochewa na ushirikina. Lakini mtoto asiyetoka hasomi, hachezi, hafundishwi katekisimu, na wala hajulikani na majirani ambao wangeweza kumlinda. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia haki ya afya pamoja na haki ya elimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinaelekea huko huko. Hatuwezi kumpa haki moja kwa kumnyang'anya nyingine. Lengo la mafuta na kofia ni kumwezesha kutoka.

4. Mzigo huu si wa mama peke yake

Katika nyumba nyingi mama ndiye huachiwa mtoto, na hata hulaumiwa kwa kumzaa. Ukweli ni kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wenye rangi ya kawaida wanaweza kuwa wamebeba chembe ya urithi huo bila kujua, na katika kila mimba kuna uwezekano wa mmoja kwa wanne kwamba mtoto atakuwa na ualbino. Basi baba anayemkimbia mkewe kwa sababu hiyo anaikimbia damu yake mwenyewe.

Jumuiya nayo ina wajibu wake. Katika miaka ya 2010 mafuta haya yalianza kutengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, yakagawiwa bure kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki. Hiyo ni kazi njema. Lakini kliniki ikiwa mbali, nauli ya mama mmoja na mtoto wake ni mzigo mkubwa. Je, jumuiya yenye kaya kumi na tano inashindwa kuichangia? Msamaria mwema hakuishia kumwonea huruma yule majeruhi. Alimfunga vidonda na kulipa gharama za nyumba ya wageni.

Walimu waliomo kati yetu wahakikishe kwamba mtoto anaruhusiwa kofia na mikono mirefu hata kama si sare ya shule, kwamba paredi ndefu na adhabu za juani hazimhusu, na kwamba anaketi mbele, mbali na dirisha lenye jua, kwa kuwa uoni wake nao ni hafifu. Walezi wa Utoto Mtakatifu waweke kivuli katika maandamano ya Matawi na ya Ekaristi, na mtoto mwenye kofia asiambiwe aivue kwa heshima. Mungu haheshimiwi kwa ngozi ya mtoto iliyoungua.

Na sote tuache majina ya kebehi. Mtoto huyu ana jina alilobatizwa nalo.

Wapendwa, mzazi ndiye anayeamua kila asubuhi mtoto wake atoke vipi. Lakini uamuzi wake una maana pale tu penye mafuta, nauli, kofia na kivuli, na hivyo vingi vimo mikononi mwetu. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu yupo mtoto mwenye ualbino? Tunalijua jina lake? Anasoma?
2. Kliniki ya karibu inayotoa mafuta ya kukinga jua iko wapi, na safari ya kwenda na kurudi ni nauli kiasi gani?
3. Ni desturi ipi ya shule au ya parokia yetu inayomlazimisha mtoto huyo kukaa juani? Nani ataizungumzia, na lini?