Farasi wa Jangwani na Wachukuzi wa Meru na Embu

(Maneno ya hotuba kwa wasikilizaji wa Meru na Embu)

Wasikilizaji, mtu akisimama kilimani karibu na mji wa Meru asubuhi isiyo na mawingu, akaelekeza uso wake kaskazini, huiona nchi ikishuka ghafula. Nyuma yake kuna migomba, mito ya baridi na msitu wa Mlima Kenya. Mbele yake kuna Isiolo, na ng'ambo ya Isiolo nchi ni kavu hata kufika mpaka wa Uhabeshi. Mwendo wa saa chache tu hutenganisha nchi ya maji na nchi ya kiu. Kwa hiyo watu wa Meru na ndugu zao wa Embu wataelewa upesi habari ya majeshi yaliyopigana jangwani, kwa maana habari hiyo tangu mwanzo hata mwisho ni habari ya maji, na ya yule aliyeyachukua.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, ambayo wazee waliiita vita vya Mjeremani, nchi ya Australia ilipeleka ng'ambo jeshi la wapanda farasi. Wengi wao walikuwa watu wa mashamba, waliozoea tandiko tangu utoto wao. Mwaka 1915 walipigana Gallipoli, katika nchi ya Waturuki, kwa miguu, farasi wao wakiwa wameachwa Misri. Mwaka 1916 walirudi kwa farasi wao, wakaanza kuvuka jangwa la Sinai. Yafaa ifahamike kwamba watu hawa hawakuwa wapanda farasi wa namna ya zamani, wanaopigana kwa upanga. Farasi alikuwa wa kumfikisha askari mahali pa vita. Akiisha kufika alishuka, mmoja katika kila wanne akashika farasi wote wanne, na watatu wakaenda mbele na bunduki zao.

Siku waliyopata sifa kuliko zote ni tarehe 31 Oktoba 1917, mbele ya mji wa Beer-sheba. Msomaji wa Biblia analijua jina hilo, kwa kuwa ndipo Ibrahimu alipochimba kisima. Waturuki waliushika mji na visima vyake. Jua lilikuwa linakaribia kutua, na farasi wengi walikuwa hawajanywa maji tangu siku iliyotangulia. Kama mji usingetwaliwa kabla ya usiku, jeshi zima lingelazimika kurudi nyuma kutafuta maji. Ndipo rejimenti mbili, ya 4 na ya 12, watu wapatao 800, zilipoamriwa kwenda mbio moja kwa moja juu ya farasi, askari wakishika singe mikononi kama panga. Waliruka mahandaki ya Waturuki, wakaingia mjini. Walikufa wapanda farasi 31, hesabu ndogo kwa shambulio la namna ile, na visima vingi vilikutwa vizima. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1918, majeshi hayo yaliingia Dameski.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa sana. Ni machache yanayosimuliwa juu ya watu waliolitangulia jeshi na waliolifuata. Maji ya mto Nile yalipitishwa jangwani kwa bomba, na reli ilijengwa kando yake. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu na maelfu ya vibarua wa Misri, na wengine wao wakaongoza misafara ya ngamia waliobeba mapipa ya maji hata mstari wa mbele. Bila wao farasi wa Australia wasingalifika Beer-sheba hata kidogo.

Je, hapa Afrika Mashariki hapakuwa na wapanda farasi? Walikuwapo. Mwezi wa Agosti 1914 walowezi wa Kizungu walikuja Nairobi na farasi na nyumbu wao, wengine wakichukua bunduki za kuwindia, wakafanya jeshi lililoitwa East African Mounted Rifles. Lilikuwa jeshi la ajabu kidogo. Picha moja ya vita hivyo ipo hata leo, ya farasi aliyepakwa mistari ili afanane na punda milia. Sijui kama simba alidanganyika, maana farasi hana mkia wa punda milia wala masikio yake. Tarehe 3 Novemba 1914 jeshi hilo pamoja na askari wa Kihindi lilipigana na Wajeremani mlimani Longido, upande wa pili wa mpaka. Katika mapigano hayo nyumbu waliokuwa wakichukua maji walitawanyika na kupotea. Jua la mchana likawaka, wala hapakuwa na tone. Usiku ule jeshi lilirudi Namanga. Wajeremani hawakulishinda kwa nguvu zao tu; nyumbu waliokimbia walifanya sehemu yao.

Lakini kiu haikuwa adui mkubwa wa farasi katika nchi hizi. Huko Sinai hakuna mbung'o. Kuanzia mpaka wa Kenya hata mto Ruvuma mbung'o wamejaa porini, na wakimwuma farasi humtia vijidudu katika damu, naye hukonda siku kwa siku, macho yakatoka machozi, mwisho akaanguka. Yako na maradhi mengine ya farasi yanayoletwa na visubi wa usiku, ambayo huua kwa siku chache. Mwezi wa Aprili 1916 Jemadari van Deventer aliongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kutoka Arusha hata Kondoa Irangi wakati wa masika. Walifika na wakautwaa mji, lakini farasi mamia walikufa njiani, na waliobaki hawakufaa kwa safari nyingine. Mwishoni mwa mwaka ule, kati ya Septemba na Novemba, walikufa farasi wapatao 10,000, nyumbu 10,000, ng'ombe wa kukokota 11,000 na punda 2,500. Hao ni wa miezi mitatu tu. Lile jeshi la walowezi nalo lilipungua, farasi wake wakafa, watu wake wengi wakaingia K.A.R. kuwa maofisa, hata likawa ni jina tu.

Basi farasi wamekufa, nyumbu wamekufa, ng'ombe wamekufa, na motokaa zimezama katika matope ya Rufiji. Risasi, unga na dawa vitachukuliwa na nini? Vilichukuliwa na kichwa cha mtu.

Hapo ndipo habari hii inapofika Meru na Embu. Boma la Embu lilikuwa limefunguliwa mwaka 1906, na la Meru mwaka 1908 na Bwana Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi kwa ajili ya kutembea kwake huku na huko. Kwa hiyo vita vilipoanza, Serikali ya Waingereza ilikuwa bado ngeni katika nyumba nyingi za wilaya hizi. Wazee walikuwa hawajazoea kulipa kodi, mara wakaambiwa watoe vijana. Mwaka 1917 Bwana John Ainsworth alipewa kazi ya kukusanya wachukuzi, na katika miezi michache watu zaidi ya 100,000 walitolewa katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya. Machifu waliagizwa idadi, nao waliitafuta. Si wote waliokwenda kwa hiari yao, na haifai kusema vinginevyo. Kijana aliyesikia kishindo cha matarishi usiku alikimbilia msituni, na yule asiyewahi kukimbia ndiye aliyetimiza hesabu.

Mkuu wa wachukuzi alikuwa Bwana Oscar Watkins. Jeshi lao kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps, na watu wakaligeuza kuwa Kariakor. Jina hilo limebaki Nairobi mahali palipokuwa na kambi yao, na Dar es Salaam limekuwa Kariakoo. Siku hizi mtu hununua kikapu au viatu katika soko hilo bila kukumbuka kwamba anataja jeshi.

Mzigo wa mchukuzi ulikuwa ratili 50 au zaidi, juu ya chakula chake na blanketi. Lakini mzigo haukuua watu wengi kama chakula na hali ya nchi. Mtu wa Embu au Meru alitoka katika baridi ya mlima, alikokula viazi vikuu, ndizi, mtama na maharagwe, akatelemshwa mpaka Kilwa, Lindi na bonde la Rufiji, kwenye joto na malaria. Alipewa unga wa mahindi, mara nyingi usiokobolewa vema, bila muda wa kuupika wala sufuria ya kutosha, akaula mbichi nusu. Unga wa namna hiyo hukwaruza matumbo, na kuhara damu kukafuata. Wengi walikufa kwa kuhara, wengine kwa homa ya mapafu mvua zilipowakuta bila hema. Watkins na madaktari walipiga kelele juu ya mambo hayo, na mambo mengine yalitengenezwa, ila kwa kuchelewa. Hesabu ya Serikali ya wachukuzi waliokufa ni zaidi ya 40,000, na wenye kuchunguza historia wengi huona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Risasi za Mjeremani ziliua sehemu ndogo sana ya watu hao.

Miaka 23 ikapita. Tarehe 10 Juni 1940 Utaliani iliingia katika Vita Kuu ya Pili, na safari hii vita vilikuja karibu na Meru. Mwezi wa Julai kikosi kidogo cha K.A.R. kilichokuwa Moyale kilizingirwa na Wataliani, nacho, baada ya kushikilia ngome kwa siku nyingi, kilitoroka usiku wa tarehe 14 kikapita katikati ya adui. Isiolo ikawa mlango wa vita. Malori yalishuka kutoka Nanyuki na Meru, yakapita Archer's Post kwenye mto Uaso Nyiro, yakaenda Laisamis, Marsabit na jangwa la Dida Galgalu, ambako mawe meusi hukata mipira ya magari kama visu. Kabla ya hapo wenye kuijua nchi hiyo walikuwa wafugaji na dubas, yaani polisi wa kabila wenye vilemba vyekundu, waliofanya doria kwa ngamia. Safari hii mainjinia wa Afrika Kusini walikuja na mashine za kuchimba visima, na mahali pengi jeshi liliweza kwenda mbele kadiri kisima kilivyotoa maji. Mwezi wa Januari 1941 walipigania visima vya El Yibo, na tarehe 18 Februari wakautwaa mji wa Mega.

Upande wa mashariki majeshi ya Jemadari Cunningham, nao wakiwamo askari wa K.A.R., wa Nigeria, wa Pwani ya Dhahabu na wa Afrika Kusini, yalivuka kutoka Garissa mpaka mto Juba. Mogadishu ulitwaliwa tarehe 25 Februari. Humo zilikutwa galani 350,000 za petroli, ambazo Wataliani waliziacha bila kuziteketeza. Kwa jeshi la malori hivyo ndivyo vilivyokuwa visima vya Beer-sheba. Bila petroli ile lisingekwenda, na kwa petroli ile brigedi ya Nigeria ilikwenda maili 744 mpaka Jijiga kwa siku 17. Addis Ababa uliingiwa tarehe 6 Aprili 1941.

Wanyama hawakukosekana kabisa katika vita hivyo. Katika Eritrea, mwezi wa Januari 1941, ofisa wa Kitaliani Amedeo Guillet aliwashambulia Waingereza kwa farasi wake, karibu na Keru, mbele ya mizinga. Na kikosi kidogo kilichoingia Gojjam kutoka Sudan pamoja na Mfalme Haile Selassie kilianza na ngamia wapatao 15,000, ngamia wa nchi tambarare waliopandishwa milimani kwenye baridi na matope. Waliofika Addis Ababa walikuwa yapata hamsini.

Na watu? Makumi ya maelfu ya Wakenya waliandikwa, na wana wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwao, wengine bunduki mkononi, wengine madereva, wapishi, wahudumu wa hospitali, na wengi katika vikosi vya Pioneers, vilivyopelekwa hata Misri na Libya kujenga barabara, kupakua meli na kulinda maghala katika mchanga ule ule ambao baba zao walisikia tu kwamba upo. Walilishwa vizuri kuliko baba zao, kwa sababu madaktari walikuwa wamejifunza kwa vifo vya mwaka 1917. Hayo ni mafunzo ya bei kali.

Limebaki jambo moja katika habari hii. Australia ilipeleka ng'ambo farasi 136,000 katika vita vya kwanza. Kwa sababu ya gharama na hofu ya maradhi ya mifugo hawakurudishwa. Wengine waliuzwa, wengine wakapigwa risasi. Ajulikanaye kwamba alirudi ni mmoja, farasi wa Jemadari Bridges, na jina lake ni Sandy. Jina hilo laweza kusomwa na mtu yeyote. Katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, Nairobi, iko tangu mwaka 1928 sanamu ya mchukuzi pamoja na askari wawili, na maneno yaliyochongwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Majina ya wachukuzi hayamo. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, na Watkins alipotaka fedha hizo zitumike kwa faida ya Waafrika alikataliwa.

Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi Bungeni tarehe 22 ya mwezi ule. Katika waliotajwa kwa ujumla katika taarifa hiyo wamo vijana waliotoka Meru na Embu mwaka 1917, wakashuka mlima wakiwa na blanketi moja kila mtu, na nyumbani kwao hakuna kaburi la kuonyeshwa mgeni.