Aliyejifunza Kusoma Kupitia Ufa wa Ukuta

Jioni hii nitawasimulieni habari za kitabu kimoja nilichokisoma nilipokuwa chuo kikuu nikisomea diploma yangu. Miaka imepita, lakini hakijanitoka moyoni.

Jina lake ni Frankenstein. Aliyekitunga ni Mwingereza, Bibi Mary Shelley. Alianza kukiandika mwaka 1816 huko Uswisi, karibu na ziwa la Geneva, akiwa msichana wa miaka 18, nacho kikapigwa chapa London mwaka 1818. Ni riwaya, yaani hadithi ndefu ya kubuni, na wako wengi wanaoihesabu kuwa ya kwanza kati ya hadithi zilizojengwa juu ya sayansi.

Kijana Victor Frankenstein anasoma sayansi katika mji wa Ingolstadt, Ujerumani. Anakusanya viungo vya maiti, anaviunga, anavitia uhai. Kiumbe yule anapofumbua jicho, Victor anashikwa na hofu, anakimbia. Watu hudhani Frankenstein ni jina la kiumbe. Sivyo. Ni jina la aliyemtengeneza. Yeye mwenyewe hakupewa jina lo lote.

Mambo ya kutisha yamo tele kitabuni, vifo na kisasi, nami sitayasimulia. Nataka tukae mahali pamoja tu.

Kiumbe alifukuzwa kijijini kwa mawe, akajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya watu maskini. Ukutani palikuwa na ufa. Akachungulia, akaona mzee kipofu, mwanawe Felix na bintiye Agatha. Yeye hakujua kusema hata neno moja. Akasikiliza siku nyingi, akashika maneno ya kwanza: moto, maziwa, mkate, kuni. Baadaye akaja mwanamke mgeni, Safie, asiyejua lugha ya nyumba ile, na Felix akaanza kumfundisha kusoma. Basi mwanafunzi mmoja amekaa kitini, kumbe nyuma ya ukuta yupo wa pili. Na huyo wa pili ndiye aliyekwenda mbio zaidi.

Siku moja alipata ujasiri, akaingia kuzungumza na mzee kipofu aliyekuwa peke yake. Mzee alimpokea kwa upole, maana alisikia sauti tu, kama mnavyonisikia mimi sasa. Wenye macho waliporudi, Felix alimpiga kwa fimbo.

Lakini lililonishika mimi ni jambo lililotokea kabla ya hapo. Katika mfuko wa nguo aliyoichukua kwa Victor mlikuwamo karatasi. Alipojua kusoma, alizisoma. Ziliandikwa na Victor mwenyewe, siku baada ya siku, jinsi alivyokuwa akimtengeneza na jinsi alivyochukizwa na kazi yake. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Sisi maafisa wa elimu tumezoea kusema kwamba kusoma ni taa. Hatusemi taa hiyo inaweza kumulika nini.

Nilikikumbuka kitabu hiki nilipoanza kazi. Katika darasa moja la jioni nilimwona mama mtu mzima akisimama nje ya dirisha, kajifunika kanga kichwani. Alisimama hivyo wiki tatu. Aliona haya kuingia, asije akachekwa na wajukuu. (Wengine huliita darasa hili la ngumbaru, jina nisilolipenda, na nadhani hata yeye hakulipenda.) Nikatoka, nikamwambia, "Shikamoo, mama. Kiti chako kipo."

Akaingia. Mwaka uliofuata alijua kusoma. Karatasi ya kwanza aliyojisomea nyumbani ilikuwa hati aliyoitia dole gumba zamani. Alikuwa ameambiwa kwamba ni ya kuazimisha shamba lake. Hati ilisema ameliuza.

Nilimwuliza, kwa woga, kama anajuta kujifunza. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, ningezikwa sijui." Kisha akataka nimwonyeshe namna ya kumwandikia mwenyekiti wa baraza la ardhi.

Somo letu lijalo ni la kuandika barua. Njooni na karatasi na kalamu. Kwaherini.